Pango Si Faida: Mambo ya Kupima Kabla ya Kujenga Vyumba vya Kupangisha kwa Mkopo

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma za fedha, Temeke, Dar es Salaam



Natambua kwamba wengi mlioketi hapa mmejenga nyumba kabla mimi sijazaliwa, na kwamba kuwafundisha ujenzi ingekuwa kukosa adabu. Sikuja kufundisha ujenzi. Nimekuja kuzungumza juu ya fedha zinazoingia katika ujenzi, hasa fedha ya mkopo, na juu ya usimamizi wa vyumba baada ya fundi kuondoka.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja kuhusu lugha. Sisi hutumia neno "kodi" kwa mambo mawili: anacholipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na tunacholipa sote kwa Serikali. Ili tusichanganyikiwe, leo anacholipa mpangaji nitakiita "pango", na neno "kodi" nitaliacha kwa ajili ya Serikali.

Niseme pia kwamba taasisi yetu haikopeshi fedha, haiuzi viwanja, wala haimpendelei mkopeshaji yeyote. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtu anapotia saini anajua anachotia saini.

Kwa nini ninalizungumzia jambo hili

Mama yangu mkubwa alikuwa na nyumba ya vyumba sita upande wa Mbagala, ile nyumba yetu ya kawaida yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani kwa nyuma. Aliijenga kwa miaka kumi na mmoja kutokana na biashara ya samaki. Siku moja aliamua kuongeza vyumba vitano uani ili avipangishe, na akaenda kukopa kwa kuweka rehani nyumba hiyohiyo. Mimi nilikuwa kidato cha tano. Kwa kuwa mkataba ulikuwa mrefu, aliniita nimsomee.

Nilimsomea ukurasa wenye kiasi cha mkopo na ukurasa wenye tarehe za marejesho. Ukurasa ulioeleza namna riba itakavyokokotolewa niliuruka, kwa sababu sikuuelewa na niliona haya kusema kwamba sikuelewa. Marejesho yalianza mwezi uliofuata. Vyumba vilikamilika baada ya miezi minane. Masika yalipoingia, maji yalijaa uani na wapangaji wawili wakahama. Mwaka wa pili haukuisha kabla nyumba haijauzwa kwa mnada. Leo mama yangu mkubwa ni mpangaji.

Hakuna mtu aliyemdanganya. Yote yaliyompata yalikuwa yameandikwa katika karatasi nilizozishika kwa mikono yangu. Ndiyo maana ninapozungumza juu ya mikopo ya nyumba, huanza na hesabu.

Hesabu ya vyumba vinne

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwalimu mmoja anayo nyumba yake ya kuishi, na uani kuna nafasi ya vyumba vinne. Fundi amemwambia kila chumba kitagharimu shilingi 6,000,000 hadi kukamilika, kwa hiyo vyumba vinne ni shilingi 24,000,000. Anayo akiba ya shilingi 12,000,000. Chumba kimoja mtaani kwake hupangishwa kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Bei za mtaani kwako zinaweza kuwa nyingine. Badilisha tarakimu, lakini usibadilishe utaratibu wa hesabu.

Watu wengi huhesabu hivi: vyumba vinne mara 80,000 ni 320,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 3,840,000. Hesabu hiyo ni sahihi kama chumba hakikai wazi hata siku moja, hakiharibiki kitu, choo hakijai na Serikali haidai chake. Sasa tuihesabu upya kama mambo yalivyo:

Pango la mwaka mzima, vyumba vyote vikiwa na watu: 3,840,000.
Toa mwezi mmoja ambao kila chumba hukaa wazi kati ya mpangaji mmoja na mwingine: 320,000. Panabaki 3,520,000.
Toa kodi ya asilimia 10 ya pango: 352,000. Panabaki 3,168,000.
Toa matengenezo, yaani rangi, vitasa, bati linalovuja, bomba: 350,000. Panabaki 2,818,000.
Toa gari la kunyonya choo, taka na taa za nje: 240,000. Panabaki 2,578,000.

Hiyo ni takriban shilingi 215,000 kwa mwezi. Katika kila shilingi 320,000 alizotarajia, zaidi ya shilingi 100,000 hazikuwa zake. Hili ndilo jambo la kwanza ninalowaomba mlibebe: pango si faida. Faida ni kile kinachobaki baada ya nyumba yenyewe kula chakula chake.

Sasa linganisheni shilingi 2,578,000 na shilingi 24,000,000 zilizotumika kujenga. Kwa mwaka, vyumba vinarudisha chini kidogo ya asilimia 11 ya gharama yake. Kumbukeni tarakimu hiyo, kwa sababu tutaihitaji tukifika kwenye riba.

Mkopo unapoingia

Mwalimu wetu ana milioni 12 na anahitaji nyingine 12. Anapata mkopo wa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Swali la kwanza analopaswa kuuliza ni hili: asilimia 18 ya nini?

Ikiwa riba inakokotolewa kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki kila mwezi, marejesho yatakuwa takriban shilingi 434,000 kwa mwezi, na riba yote kwa miaka mitatu itakuwa takriban shilingi 3,620,000. Ikiwa riba inakokotolewa kwa kiasi cha awali, yaani kwa milioni 12 zilezile hata pale alipokwisha kulipa nusu, marejesho yatakuwa takriban shilingi 513,000 kwa mwezi, na riba yote itakuwa shilingi 6,480,000. Asilimia ni ileile 18, lakini tofauti ni karibu shilingi 2,860,000, fedha inayokaribia nusu ya gharama ya chumba kimoja. Huo ndio ukurasa niliouruka.

Pia angalieni muda. Riba ya asilimia 3 inaweza kusikika ndogo kuliko 18. Lakini kama ni asilimia 3 kwa mwezi, kwa mwaka hiyo ni 36. Mkopeshaji akikutajia asilimia, muulize maswali mawili: kwa mwezi au kwa mwaka? Kwa deni lililobaki au kwa deni la awali? Kisha mwombe akuandikie jumla ya shilingi utakazolipa mpaka mwisho, pamoja na ada ya maombi, bima ya mkopo na gharama ya uthamini wa nyumba. Jumla hiyo ndiyo bei ya mkopo. Ni haki yako kuijua kabla ya kutia saini, na kupewa nakala ya mkataba baada ya kutia saini.

Turudi kwa mwalimu wetu, tumpe riba iliyo nafuu kati ya hizo mbili. Kila mwezi anatakiwa kulipa 434,000. Vyumba vinampa 215,000. Zinazobaki, shilingi 219,000, zitatoka katika mshahara wake kila mwezi kwa miaka mitatu. Na kama ujenzi utachukua miezi minne, katika miezi hiyo vyumba havitampa kitu. Atalipa zaidi ya shilingi 1,700,000 kutoka mfukoni kabla mpangaji wa kwanza hajaingia.

Sababu yake ni ile tarakimu niliyowaomba mkumbuke. Vyumba vinarudisha chini ya asilimia 11, na fedha ya mkopo inadai asilimia 18. Anayekopa kwa 18 ili aweke kwenye 11 hawezi kusema kwamba vyumba vitajilipia. Mshahara wake ndio utakaovilipia. Kama mshahara unatosha na ameridhia, huo ni uamuzi wake. Hatari ni pale anapoamini kwamba wapangaji ndio watakaolipa, akaacha kujiandaa.

Njia ya pili

Tufanye hesabu nyingine kwa mwalimu yuleyule. Safari hii hakopi. Kwa akiba yake ya milioni 12 anajenga vyumba viwili na kuvipangisha. Vinampa takriban shilingi 107,000 kwa mwezi baada ya gharama zote. Zile shilingi 219,000 ambazo zingetoka kwenye mshahara kumlipa mkopeshaji, anajilipa mwenyewe katika akaunti asiyoigusa. Kwa mwezi anakusanya 326,000. Baada ya miezi kumi na tisa ana milioni 6 na anajenga chumba cha tatu. Sasa vyumba vitatu vinampa 161,000, na pamoja na 219,000 za mshahara anakusanya 380,000. Baada ya miezi mingine kumi na sita ana fedha ya chumba cha nne.

Jumla ni karibu miezi 35. Yule aliyekopa anamaliza deni lake mwezi wa 36. Wote wawili wanafika mahali pamoja, wakiwa na vyumba vinne bila deni, kwa kutoa kiasi kilekile katika mshahara kila mwezi. Tofauti ni kwamba mmoja, kwa miaka mitatu yote, nyumba anayolala na watoto wake ilikuwa rehani.

Najua mtu ataniambia kwamba saruji na nondo hupanda bei. Ni kweli. Tuseme vyumba viwili vya mwisho vimepanda kwa asilimia 10: atachelewa hadi takriban miezi 38. Kwa maoni yangu, miezi michache ni bei ndogo kwa usingizi wa miaka mitatu. Wazazi wetu waliojenga tofali kwa tofali hawakuwa wajinga wa fedha. Haba na haba hujaza kibaba, na hesabu inawaunga mkono.

Mkopo unaofaa

Sisemi kwamba kukopa ni kosa. Upo mkopo ambao hesabu yake inakubali. Tuseme chumba kimekwisha kuezekwa, kimebakiza lipu, mlango, dirisha na umeme, na kazi hiyo inahitaji shilingi 1,000,000. Chumba hicho kikikamilika kitampa mwenye nyumba takriban shilingi 54,000 kwa mwezi baada ya gharama. Mkopo wa milioni moja wa miezi 24, kwa riba ileile ya asilimia 18 ya deni lililobaki, unadai takriban shilingi 50,000 kwa mwezi. Hapo ndipo chumba hujilipia chenyewe. Kwa hiyo mkopo mdogo wa kumalizia mara nyingi una tija kuliko mkopo mkubwa wa kuanzia msingi. Lakini nafasi kati ya 54,000 na 50,000 ni nyembamba. Hakikisha una akiba ya marejesho ya miezi mitatu kabla ya kuanza, kwa sababu chumba kinaweza kukaa wazi, lakini mkopo haukai wazi.

Kwa anayetaka kununua au kujenga nyumba kamili, ipo mikopo ya nyumba ya muda mrefu inayotolewa na mabenki. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba na kuanzishwa kwa kampuni ya kuyawezesha mabenki kutoa mikopo hiyo, mwaka 2010, vimesaidia kurefusha muda wa kulipa. Muda mrefu hupunguza marejesho ya mwezi na huongeza jumla ya riba. Hesabu ya kufanya ni ileile: pango halisi baada ya gharama zote, kwa upande mmoja, marejesho, kwa upande wa pili.

Kuhusu nani wa kumkopa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha, SACCOS, hadi vikundi vyetu vya mitaani. Kila mmoja anapaswa kuwa na leseni au usajili unaolingana na daraja lake. Omba kuuona. Mkopeshaji anayekasirika akiombwa leseni amekwisha kukujibu.

Rehani ni ahadi ya familia nzima

Ukiweka nyumba ya familia rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Mume hawezi kuirehani nyumba ya ndoa peke yake, wala mke hawezi. Tumewahi kupokea wananchi waliotia saini kwa kuwa tu waliambiwa "weka sahihi hapa, ni utaratibu". Ninyi mnaoombwa ridhaa, ulizeni hesabu ileile anayopaswa kuulizwa mkopaji. Ridhaa isiyo na maelezo si ridhaa.

Na mambo yakiharibika, usimkimbie mkopeshaji. Mwandikie mapema, kabla ya kukosa rejesho la kwanza ukiweza, na uombe kupangiwa upya ratiba. Mkopeshaji halali hawezi kuiuza nyumba kimyakimya: anapaswa kukupa notisi ya maandishi, na anapouza anapaswa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Notisi ikifika, usiitie mvunguni mwa kitanda. Mama yangu mkubwa alipokea barua na akaziweka kwenye sanduku la nguo, kwa matumaini kwamba pango la mwezi unaofuata lingerekebisha mambo. Kukopa harusi, kulipa matanga; lakini matanga mengi tunayaongeza wenyewe kwa kunyamaza.

Ardhi kwanza, tofali baadaye

Vyumba vizuri juu ya kiwanja chenye utata ni hasara iliyopakwa rangi. Kabla ya kununua kiwanja au nyumba ya kupangisha, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ili ujue jina la mmiliki, mipaka, na kama kuna rehani au zuio juu yake. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa ni ushahidi wa makubaliano yenu. Haigeuki kuwa hati miliki kwa kupigwa muhuri. Leseni ya makazi nayo ina muda mfupi kuliko hati, na si kila benki huipokea kwa mkopo mkubwa.

Ulizia pia mpango wa eneo: hifadhi ya barabara, bonde la mto, njia ya umeme mkubwa. Wengi wetu tunaikumbuka alama nyekundu ya X iliyochorwa kwenye nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, kabla ya bomoabomoa ya mwaka 2017. Na usianze msingi bila kibali cha ujenzi cha halmashauri. Nenda ukaone kiwanja wakati wa mvua, si kiangazi tu. Kiangazi kila uani ni kukavu.

Vyumba vikishajaa

Sasa tuseme vyumba vimekamilika na wapangaji wameingia. Hapo ndipo kazi inapoanza, na yapo mambo manne ambayo wageni wa shughuli hii hukosea.

La kwanza ni pango la miezi sita au mwaka mzima linalolipwa kwa mkupuo. Hapa Dar es Salaam tumezoea utaratibu huo, na mwenye nyumba hujiona tajiri kwa wiki mbili. Fedha hiyo si mapato ya siku ile. Ni mapato ya miezi sita yaliyowahi kufika. Igawe mara sita, na kila mwezi chukua sehemu moja tu. Anayedaiwa marejesho kila mwezi huku akitumia pango la nusu mwaka kwa siku moja ataanza kukopa ili alipe mkopo. Na mpangaji anayeomba kulipa kila mwezi au kila miezi mitatu, ukimkubali, humfanyi hisani tu; anaweza kukufaa zaidi, kwa kuwa fedha yake inafika kama deni lako linavyofika.

La pili ni mkataba wa maandishi. Uandikwe majina kamili na namba za vitambulisho, kiasi cha pango, muda, notisi ya kuhama, nani anatengeneza nini, na idadi ya watakaoishi chumbani. Pitieni chumba pamoja, mwandike hali ya mlango, vioo na taa, kisha wote mtie saini. Lipia mkataba ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku mtakapofika mbele ya baraza. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania iliyo karibu nawe itakueleza namna ya kulipa ushuru huo na kodi ya asilimia 10 ya pango. Kodi ya majengo, kama mjuavyo, tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na mwenye hati asisahau kodi ya ardhi ya kila mwaka.

La tatu ni hiyo LUKU yenyewe. Sidhani kama kuna kitu kinachogombanisha wapangaji kuliko mita moja inayotumiwa na vyumba vinne, mmoja akiwa na friji, mwingine taa moja tu. Ukiweza, weka mita ya kila chumba, au walau kipimo kidogo cha ndani. Usipoweza, kubalianeni mapema namna ya kuchangia na mwandike katika mkataba. Maji yafuate utaratibu huohuo.

La nne ni heshima ya sheria pale mpangaji anaposhindwa kulipa. Iliyokuwa sheria ya kudhibiti viwango vya pango ilifutwa mwaka 2005, hivyo pango ni makubaliano kati yenu. Lakini uhuru wa kupanga bei si ruhusa ya kung'oa mlango, kukata umeme au kutupa vyombo vya mtu barabarani. Anza kwa mazungumzo, kisha notisi ya maandishi. Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata kwa usuluhishi, na lisipotatulika huko, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji aliyetolewa kwa fujo anaweza kukushitaki, na gharama yake ikazidi pango ulilokuwa ukimdai.

Juu ya yote hayo, wekeni daftari. Upande mmoja andika kila shilingi iliyoingia, chumba gani na mwezi gani. Upande wa pili kila shilingi iliyotoka, hata ya kitasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwisho wa mwaka daftari hilo litakuambia kama vyumba vyako vinakulisha au wewe ndiye unayevilisha. Ni daftari hilohilo ambalo mkopeshaji makini ataliomba siku utakapohitaji mkopo wa kumalizia.

Maswali sita ya kwenda nayo nyumbani

Kabla ya kutia saini, kaeni kama familia mjiulize haya, na majibu yaandikwe kwa shilingi, si kwa matumaini:

1. Baada ya kutoa mwezi wa kukaa wazi, kodi, matengenezo na gharama nyingine, vyumba vitabakiza kiasi gani kwa mwezi?
2. Marejesho ni kiasi gani kwa mwezi, na tofauti itatoka wapi?
3. Jumla ya fedha nitakayomlipa mkopeshaji mpaka mwisho ni ngapi, na riba inakokotolewa kwa deni lipi?
4. Marejesho yanaanza lini, na vyumba vitakamilika lini?
5. Kama vyumba viwili vitakaa wazi miezi mitatu, nitalipa kwa nini?
6. Kilichowekwa rehani ni nini, na kikiuzwa tutalala wapi?

Kama swali lolote kati ya hayo halina jibu, subirini. Kiwanja hakikimbii. Na mkiwa tayari mmekwisha kukopa na mna malalamiko, anzeni kwa kuyaandika na kuyapeleka kwa mkopeshaji mwenyewe, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika na majibu ya taasisi iliyo chini ya usimamizi wa Benki Kuu, Benki Kuu inalo dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Huduma hiyo haihitaji wakili wala mtu wa kukuunganisha.

Mwisho, ninawageukia vijana wenzangu mliosoma. Siku moja mzazi atakuita ukae kando yake umsomee mkataba. Usiruke ukurasa. Usipouelewa, sema hukuuelewa, kisha mwende wote wawili mkaulize. Haya ya dakika moja ingeokoa nyumba ya miaka kumi na mmoja.

Nimebaki hapa na kalamu na karatasi. Mwenye mkataba wake aje nao, tuusome pamoja kuanzia ukurasa wa kwanza.